Lugha ya mwili kwenye usaili: kitu kidogo kinachouzwa kama kikubwa

Toka lile wimbi la usaili la mwaka 2025 lipite, kwenye magrupu ya WhatsApp na TikTok kumejaa klipu za watu wanaofundisha vijana namna ya kukaa kwenye kiti cha intavyuu. Mikono iwe hivi, usiguse pua, mtazame msaili machoni sekunde kadhaa alafu hamia kwa mwingine, usikunje nne, tabasamu. Kuna wanaofundisha bure kwa moyo mzuri na kuna wanaochaji kwa kichwa, na vijana wanalipa kwasababu wamechoka kukaa nyumbani na vyeti. Sina ugomvi na mtu anayemwelekeza mdogo wake akae vizuri mbele za watu. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha nyuma ya hizo klipu, kwamba kijana aliyekosa kazi aliikosa kwasababu ya mwili wake, kwamba angenyoosha mabega tu saizi angekuwa ofisini. Imani hiyo imepotosha watu wengi na inawaumiza vijana ambao tayari wameumia. Msimamo wangu ni kwamba lugha ya mwili kwenye usaili ni kitu kidogo chenye kazi moja, kuhakikisha jibu lako linafika mezani bila kukwama njiani. Haiwezi kukupa jibu ambalo huna, na ukiona ndo imeamua nani apate kazi ya uhasibu au ya maabara, basi ujue paneli ndo yenye kasoro na paneli ndo inatakiwa kurekebishwa.

Tuangalie kwanza hali ilivyo, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwanini hizi klipu zina soko. Machi 2025 TRA walifanya usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596 ambazo ziliombwa na watu 135,027, piga hesabu mwenyewe, kila nafasi watu karibu 85. Miezi michache kabla ya hapo walimu, ambao miaka yote walizoea kuomba na kupangiwa vituo, waliingizwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na malalamiko yakawa makubwa, walimu wasio na ajira wakaanza kusikika kupitia umoja wao wa NETO. Na hili halijaanza jana, wanaokumbuka Juni 2014 wanakumbuka Uwanja wa Taifa ulivyojaa vijana zaidi ya 10,000 waliokuja kugombea nafasi 70 za Uhamiaji. Sasa kwa utaratibu wa serikali unaanza na usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika, kada nyingine zinaongezewa wa vitendo, alafu ndo yanakuja mahojiano ya ana kwa ana. Kwahiyo ukiona mtu kaingia chumba cha mahojiano ujue kashaacha umati nyuma yake na waliobaki wanapishana alama chache sana. Baada ya hapo ni kusubiri. Unachokuja kukiona ni orodha ya walioitwa kazini, jina lipo au halipo. Wengine wamefaulu kabisa ila nafasi zimejaa, wanawekwa kwenye kanzidata wasubiri nyingine itokee, na mtu wa namna hiyo anaweza kukaa muda mrefu akiamini alifeli. Hakuna anayekwambia swali la tatu ulipata ngapi. Na mtu akinyimwa sababu atatafuta ya kwake, na iliyo karibu kuliko zote ni mwili wake mwenyewe, ile siku alivyotetemeka, alivyosahau kutabasamu, sauti ilivyokauka. Hapo ndo mwalimu wa mkao anapompata.

Hoja inayorudiwa kuliko zote kwenye hizo klipu ni ya asilimia 93, kwamba mawasiliano ni asilimia 7 tu maneno, 38 sauti na 55 mwili. Utaisikia kwenye semina, utaikuta kwenye slaidi, na kwakuwa ni namba watu wanaiheshimu. Namba hizo zilitoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, kwenye tafiti mbili alizofanya na wenzake mwaka 1967. Walichofanya ni kuwasikilizisha watu neno moja moja lililorekodiwa kwa sauti za hisia tofauti, kwenye utafiti mmoja wakaongeza na picha za nyuso, alafu wakawauliza huyu msemaji anampenda anayeongea naye au hampendi. Basi. Hakukuwa na swali la kazi, hakukuwa na maelezo marefu, hakukuwa na usaili wala kitu kinachofanana na usaili. Mehrabian mwenyewe ameshasema wazi kwamba hesabu yake inahusu mtu anapoongelea hisia zake au anachopenda na asichopenda, nje ya hapo haifanyi kazi. Na huhitaji hata kusoma utafiti kujua kwamba haiwezekani, siku ya bajeti zima sauti ya TV umtazame waziri tu mikono na uso, alafu niambie kodi ya mafuta imepanda shilingi ngapi. Anayemwambia kijana kwamba jibu lake lina uzito wa asilimia 7 anamwambia asisome, na kijana anayekwenda usaili bila kusoma kanuni za kada yake anaenda kupoteza nauli.

Ya pili ni ile ya kusimama kifua mbele, mikono kiunoni kwa dakika mbili chooni kabla hujaitwa, eti inabadilisha homoni na inakupa ujasiri. Hii ilitoka kwenye utafiti wa mwaka 2010 wa Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, walikuwa na watu 42 tu, ikapata umaarufu mkubwa 2012 baada ya hotuba ya Cuddy kusambaa mtandaoni. Mwaka 2015 watafiti wengine wakairudia kwa watu 200 na mabadiliko ya homoni hawakuyaona, na 2016 Carney, ambaye jina lake ndo la kwanza kwenye utafiti ule, akaandika hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Ukisimama hivyo na ukajisikia vizuri, simama, hakuna ubaya. Ila usimuuzie mtu kama sayansi ya kupata kazi.

Sasa tuingie chumbani kwenyewe, kwasababu naona wengi wanaofundisha mkao hawaongelei kinachoendelea upande wa pili wa meza. Muda mwingi wa mahojiano wasaili hawakutazami. Wanaandika. Wako watatu mpaka watano, kila mmoja ana karatasi yenye maswali, chini ya kila swali kuna hoja zinazotegemewa na pembeni kuna nafasi ya alama. Anayeuliza anasoma swali kutoka kwenye karatasi, anakuangalia kidogo ukianza, alafu kichwa kinashuka anaanza kuwinda hoja, umetaja ya kwanza anaweka vema, ya pili bado, ya tatu umeitaja nusu. Msailiwa asiyelijua hili anaona vichwa vimeinama anafikiri amewachosha, anaanza kukimbiza maneno au anakatisha jibu katikati anasema "ni hayo tu", na hoja mbili alizokuwa nazo kichwani zinabaki humo humo. Hapo ndo alama zinapopotea. Wala haikuwa shingo yake wala mabega yake, ni mwendo wa kuongea. Ndo maana kama kuna kitu kimoja cha mwili ambacho ningemwambia kijana akifanyie mazoezi usiku na mchana ni kasi, ongea taratibu kiasi cha mtu kuweza kuandika, taja ya kwanza, meza mate, taja ya pili, na ukimaliza nyamaza usubiri kalamu zisimame. Ule ukimya unaoogopwa na kila msailiwa ni wasaili wanamalizia kuandika.

Niliwahi kukaa kwenye paneli ya shirika moja lililokuwa linatafuta mhasibu. Aliingia kijana ana bahasha ya kaki, akaiweka mapajani akaishika kwa mikono miwili mpaka mwisho, macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa meza. Akaulizwa ukikuta salio la daftari lako la fedha haliendani na taarifa ya benki utafanya nini. Akaeleza kwa sauti ya chini lakini kwa mpangilio, ataanza na hundi zilizoandikwa ambazo bado hazijafika benki, alafu hela zilizopelekwa ambazo benki haijaingiza, makato ya benki ambayo yeye hajayaandika, na makosa ya tarakimu kugeuzwa, na akasema kabisa kipi atarekebisha kwenye daftari na kipi atakiacha. Mwenzangu wa pembeni alikuwa ameandika neno moja, "hajiamini". Aliyefuata alikaa vizuri, akatabasamu kwa zamu kwa kila mmoja wetu, na kwenye swali lile lile akasema angewasiliana na benki na kushirikiana na timu. Karatasi yetu ilikuwa na mstari wa "muonekano na kujiamini" wenye alama sawasawa na swali la benki. Mtu alitengeneza ile karatasi akiamini kwamba kutazama watu machoni na kujua kusawazisha hesabu za benki vina thamani moja kwa mtu atakayeshika hela za shirika. Kilichomwokoa yule wa kwanza ni kwamba maswali ya fani yalikuwa mengi.

Hili la macho linastahili kuongelewa kwa kirefu kwasababu ndo linawatesa vijana wetu zaidi. Nyumbani tumelelewa kwamba mkubwa akiongea na wewe unainamisha macho, mtoto anayemkodolea baba yake anaambiwa ana macho makavu, na binti anayemtazama mtu mzima usoni bila kupepesa watu wanaanza kuuliza amelelewa na nani. Miaka ishirini na kitu kijana anafundishwa hivyo, alafu siku moja anaingizwa chumba chenye watu wazima watano waliovaa suti na anatakiwa awakazie macho kama wamezaliwa siku moja, asipofanya hivyo anaandikiwa hajiamini au, mbaya zaidi, anaficha kitu. Na imani hii ya kwamba mwongo hakutazami machoni iko dunia nzima, watafiti waliuliza watu kwenye nchi 58 na hilo ndo lilitajwa kuliko jingine lolote. Shida ni kwamba haliendani na ukweli. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi za watu kutambua uongo, wakakuta kwa wastani binadamu anapatia mara 54 kwenye 100, yaani kidogo tu juu ya kurusha shilingi. Kwahiyo msaili anayesema mimi nikimwangalia mtu najua, hajui, anajisikia tu kwamba anajua, na anayeumia ni kijana wa Sumbawanga au wa Micheweni aliyeinamisha macho kwa adabu aliyofundwa na bibi yake. Hata hivyo siwezi kumwambia kijana apuuze kabisa, paneli ziko kama zilivyo na yeye anataka kazi mwaka huu. Njia ya kati ambayo haimvunjii mtu adabu ni kumtazama anayeuliza wakati anauliza, kwasababu hapo unasikiliza na kusikiliza kwa macho hata nyumbani hakukatazwi, alafu wakati wa kujibu macho yaende yanakotaka, kwenye paji la uso, kwenye karatasi yake, kwa msaili mwingine, yarudi.

Nisiwe mtu wa upande mmoja, walimu wa lugha ya mwili wana hoja zenye nguvu. Ni kweli kwamba mwonekano wa mwanzo unaathiri paneli hata kama haitaki. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua wanafunzi 98 wakawapitisha kwenye intavyuu za majaribio, watu waliofunzwa wakapima jinsi wanavyopeana mikono, na waliokuwa na mkono imara walipendekezwa zaidi kuajiriwa na wasaili. Sioni sababu ya kulikataa hilo. Ila soma vizuri inachosema, inasema wasaili wanavutiwa na mkono imara, haisemi kwamba mwenye mkono imara anafanya kazi vizuri zaidi, na hayo mambo mawili ndo klipu zinayachanganya kila siku. Na kwa huku kwetu paneli nyingi za serikali hazipeani mikono kabisa, meza ni pana na watu ni wengi, na ukanda wa pwani dada wa Kiislamu akiweka mkono kifuani badala ya kumpa mwanaume mkono kila mtu anaelewa ni salamu kamili.

Hoja yao nyingine yenye nguvu zaidi ni kwamba kuna kazi ambazo mwili ndo kazi yenyewe. Mtu wa mapokezi, muuzaji, muuguzi anayempokea mgonjwa aliyeogopa, mtangazaji wa TV, mwalimu mbele ya darasa la watoto 90. Hapo kupima anavyosimama, anavyoangalia watu, sauti inavyofika nyuma, ni haki kabisa, ni sehemu ya fani. Ila hata hapo kumpima mwalimu akiwa amekaa kwenye kiti anaulizwa jitambulishe ni kumpima kitu kingine. Mpe chaki na ubao, mpe mada ya darasa la nne, hesabu za sehemu, dakika kumi, na hapo utaona mwili wake unavyofanya kazi akiwa kazini kwake. Nimeona watu waoga kabisa kwenye kiti wakishika chaki wanakuwa watu wengine.

Upande wa pili kuna hoja ambayo ni dhaifu kuliko zote na ndo inasemwa kwa sauti kubwa mitaani, kwamba jamani haya yote ni maigizo, watu washapangwa, bila mtu unayemjua huko ndani hata ukae kama mfalme hupati. Naielewa inatoka wapi, na kusema kujuana hakupo nchi hii ni kumtukana anayekusikiliza. Lakini kama maelezo ya kila kitu haisimami. Mchujo wa kuandika unakata watu kwa maelfu kwa alama za mtihani kabla paneli yoyote haijakuona uso, na wengi wanaosema wameonewa kwenye mahojiano hawajafika kwenye mahojiano. Alafu angalia inamfanyia nini anayeiamini, anaenda usaili kishingo upande, hajapitia majukumu ya nafasi aliyoomba, hajui hata taasisi iko chini ya wizara gani, na akikosa anapata uthibitisho. Upendeleo unapata nafasi pale ambapo vigezo havieleweki, na kigezo kisichoeleweka kuliko vyote ni hiki hiki cha "anaonekana anajiamini", mtu anayetaka kumbeba mtoto wa rafiki yake atamwongezea alama hapo, hawezi kumwongezea kwenye swali lenye jibu. Kwahiyo wenye hasira na kujuana walitakiwa kuwa wa kwanza kupinga alama za mkao.

Sasa kijana anayeingia wiki ijayo afanye nini na mwili wake. Salamu ni moja kwa wote, habari za asubuhi, au kama paneli imeanza kwa Kiingereza basi kwa Kiingereza. Wengi wanauliza kuhusu shikamoo na naona inategemea, kwenye halmashauri mbele ya wazee ukisema shikamooni hakuna atakayekukata alama, ila kama mezani kuna mtu wa umri wako unamweka pabaya, na salamu ya asubuhi haimvunjii heshima yeyote. Subiri uambiwe kaa. Bahasha ya vyeti weka pembeni ya kiti au mezani kama kuna nafasi, kwasababu ukiishika mikono yako imefungwa na mtu anayeeleza jambo mikono inataka kutembea kidogo. Kaa kiti chote, usining'inie ukingoni, utapumua vizuri na sauti itatoka. Sauti ndo kitu cha pili baada ya kasi, kwenye hivi vyumba kuna feni au AC inanguruma, mlango uko wazi, na msaili wa mwisho kulia ana alama sawa na wa katikati, kwahiyo ongea mpaka yeye asikie, asiyesikia hawezi kuweka vema. Maji kama yamewekwa kunywa, ni sehemu nzuri ya kujipa sekunde tano za kufikiri. Kutetemeka acha kutetemeke, wasaili wamewaona waliotetemeka wengi na kwenye karatasi iliyotengenezwa vizuri hakuna sehemu ya kuandika mikono ilitetemeka. Hayo unayafanyia mazoezi jioni mbili na ndugu yako akikuuliza maswali, muda uliobaki wote rudi kwenye fani.

Na kuna jambo ambalo linachanganywa na lugha ya mwili kila siku wakati ni tatizo jingine kabisa. Paneli nyingi bado zinahoji kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma Kiswahili mpaka darasa la saba, akabebwa na Kiingereza cha kukariri sekondari, anapotafuta neno kichwani mabega yanapanda, macho yanakwenda dari, mikono inaganda, sauti inashuka. Mtu wa klipu anaona konfidensi imepungua anamwambia anyooshe mgongo. Mgongo hauna shida, anatafsiri. Mwambie aeleze jambo lile lile kwa Kiswahili uone mwili wote unavyofunguka bila somo lolote. Dawa yake ni kufanya mazoezi ya kutamka majibu ya fani kwa Kiingereza kwa sauti, sentensi fupi fupi, mpaka ulimi uzoee, na kwa upande wa waajiri ni kujiuliza kwa uaminifu kama kazi yenyewe inafanywa kwa Kiingereza, maana afisa maendeleo ya jamii anayeenda kuongea na wananchi wa Kilosa anahojiwa Kiingereza ili iweje.

Hapo ndo tunafika kwa paneli, ambako naona mabadiliko yanahitajika zaidi. Utafiti wa kuajiri umekaa miaka mingi na kwenye hili unaongea kwa sauti moja, intavyuu yenye maswali yaleyale kwa kila mtu na vigezo vya alama vilivyoandikwa kabla inabashiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko ile ya kupiga stori na kusikilizia mtu. Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti hizo 2022, kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kupatia kikamilifu, intavyuu iliyopangwa ilipata 0.42 na isiyopangwa 0.19. Tofauti hiyo ni kubwa, na kila mstari wa "haiba" au "muonekano" usio na maelezo unaoingizwa kwenye karatasi unairudisha paneli kule kwenye kusikilizia mtu. Alafu kuna sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Sasa kama kutazamana machoni kuna alama, asiyeona anapewa ngapi? Mwenye makengeza je, mwenye kigugumizi, mwenye mkono usionyooka? Kigezo ambacho mtu hawezi kukifikia kwa namna alivyoumbwa na hakihusiani na kazi, hicho ni ubaguzi hata kama aliyekiandika hakukusudia.

Wakenya walipata somo hadharani mwaka 2011, Tume ya Huduma za Mahakama ilipowahoji waombaji wa nafasi ya Jaji Mkuu wananchi wakiangalia. Willy Mutunga aliulizwa kuhusu kipini alichovaa sikioni na akajibu kwamba hatakivua kwa ajili ya cheo. Watu wengi waliona kajimaliza mwenyewe. Juni mwaka huo aliapishwa, kipini kikiwa sikioni, kwasababu tume ilikuwa na mambo mazito zaidi ya kupima, misimamo yake ya sheria na alichotaka kufanya na mahakama ambayo wananchi walikuwa wamepoteza imani nayo. Sisemi kijana avae kipini kwenda Utumishi, nasema paneli iliyojua inatafuta nini iliweza kukiona kipini na kuendelea na kazi.

Na jambo hili litazidi kuwa zito kwasababu intavyuu zinahamia kwenye simu na kompyuta, hasa za mashirika ya nje na kazi za kufanyia nyumbani. Huko hata kutazamana machoni hakuwezekani, ukimwangalia mtu kwenye kioo kamera inakuona umeinama, ukiangalia kamera wewe humwoni yeye, cha muhimu ni simu iwe usawa wa uso, mwanga utoke mbele, bando litoshe na sauti isikike. Kuna kampuni zilijaribu kwenda mbali zaidi, HireVue ya Marekani ilikuwa na programu ya kuchambua uso wa mwombaji na kumpa alama, ikalalamikiwa rasmi mwaka 2019, na Januari 2021 ikatangaza kwamba imeachana na uchambuzi wa uso. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya toka tarehe 2 Februari 2025 imepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu maeneo ya kazi, isipokuwa kwa sababu za kiafya au usalama. Hizo programu zitaletwa na huku, kwa bei ya punguzo, na zitauzwa kwa lugha ile ile ya asilimia 93. Tukiwa bado tunaamini kwamba uso wa mtu unaonyesha uwezo wake wa kazi tutazinunua.

Kinachoweza kufanyika sasa hivi ni kidogo na kinawezekana. Paneli zitoe mistari ya mwonekano kwenye kada ambazo mwonekano sio kazi, na kwenye kada ambazo ni kazi zimpime mtu akiwa anaifanya. Na wasailiwa waonyeshwe alama zao. Kila mwombaji tayari ana akaunti yake kwenye Ajira Portal, alama za kila swali la mahojiano zikiwekwa humo, kijana akikuta swali la sheria ya manunuzi alipata 4 kati ya 20 hatalipia somo la kutabasamu, atajua kesho asubuhi anafungua kitabu gani.